Niliowapitisha Koblenz

Siku ile mliponikatia keki ofisini, Sharleen alisema niandike kidogo kuhusu kazi, ili nyinyi mnaobaki msije mkauza safari kama watu wanaouza viazi. Nimechelewa kuanza kwa sababu nilidhani mstaafu ana muda mwingi. Kweli anao, lakini muda wa namna hii hauandikiki. Asubuhi nafagia uwanja, nakunywa chai, nasikiliza redio ya jirani, na ikifika saa nne nimeshamaliza siku nzima. Basi leo nimeketi. Sitaandika nani alipewa cheo gani na nani alinyimwa. Nitaandika nilivyofundishwa, na habari za zile meli za mtoni ambazo wengi wenu mlizikuta tayari zimebandikwa ukutani, mkadhani zilianza na ukuta.

Niliingia kazini nikiwa kijana wa mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, mwenye suruali moja nzuri. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mbichi nakumbuka viwanja vya ndege ambavyo sijawahi kuvikanyaga. Aliyenipokea alikuwa Bi. Zarina, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye akigombana na wenye mikokoteni pale chini alitoa Dholuo safi kuliko yangu. Siku ya kwanza hakunipa tiketi hata moja niandike. Alinipa kiti karibu na mlango akaniambia nitazame watu wanavyopanda ngazi.

"Nitazame nini, Mama?"

"Magoti," akasema. "Tobias, usimuuzie mtu mahali ambapo goti lake haliwezi kufika."

Nilidhani ananitania. Jioni akaniuliza kama yule mzee wa koti la kahawia alipanda akishika ukuta au hakushika. Sikujua. Akaniambia kesho nirudi palepale mlangoni. Nilikaa pale siku kadhaa, nikisalimia watu na kutazama miguu yao, mama yangu nyumbani akiwatangazia majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya ndege.

Tiketi za wakati ule tuliziandika kwa mkono, kalamu ikikandamizwa mpaka wino mwekundu wa kaboni ufike karatasi ya chini kabisa. Kulikuwa na kitabu cha ratiba za ndege kinene kama Biblia ya madhabahuni, na teleksi iliyopiga kelele kama cherehani mbovu. Bi. Zarina alinifundisha kusoma pasipoti kwa sauti, herufi kwa herufi, mwenyewe akisikia. Nyinyi mnacheka mkiniona nafanya hivyo mpaka juzi, lakini kompyuta mpaka leo haijui kusema ng'. Mtu akiwa Ochieng' kwenye kitabu kimoja na Ochieng kwenye kingine, kuna askari mahali fulani atamwuliza yupi kati yao ndiye anayesafiri.

Bi. Zarina aliondoka kwenda kukaa na mwanawe Kanada. Hakutaka kwenda. Alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, akamzika mumewe Kisumu. Lakini watoto wote walikuwa wamevuka maji, na goti lake mwenyewe lilikuwa limeanza kukataa ngazi zetu. Tiketi yake niliandika mimi. Aliisoma herufi kwa herufi, akasema haina kosa, kisha akanipa ramani ndefu nyembamba ya mto Rhine, ile iliyoko nyuma ya meza yenu sasa. Yeye na mumewe waliwahi kupanda meli kwenye mto huo walipokuwa bado wana nguvu. "Bahari ni maji tu," aliniambia. "Mtoni unaona watu wakianika nguo."

Baada ya hapo ikaja intaneti, na watu wakaanza kujinunulia tiketi wakiwa wamelala kitandani. Ofisi jirani zetu zikafungwa moja baada ya nyingine. Iliyokuwa pembeni ya benki sasa inauza simu, na ile nyingine inauza wigi. Sisi tuliokolewa na wazee. Kulikuwa na watoto wa Kisumu waliokuwa Ulaya na Marekani, waliotaka baba na mama waone dunia kabla macho hayajafifia, lakini wakaogopa wazazi watapotea kwenye vituo vya treni. Nikaitazama ramani ya Bi. Zarina nikaona jibu. Kwenye meli ya mtoni mzee anafungua sanduku mara moja tu. Analala Basel, anaamka Strasbourg, hoteli yake imemfuata. Hakuna mawimbi ya kumtapisha. Kila asubuhi kuna kanisa kubwa la kutazama, na kila jioni kuna meza yake ileile.

Hapa niseme mambo machache ambayo vipeperushi havisemi. Vyumba vya ghorofa ya chini kabisa vina dirisha dogo karibu na dari. Mtu akilala anaona miguu ya bata. Usimpe mtu anayeogopa kufungiwa. Miji ile ya zamani imetandikwa mawe ya mviringo, mazuri kwenye picha, adui wa viatu vya kanisani. Mwambie mama aache viatu vya kisigino. Meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mteja aliyelipia mandhari anaweza kufungua pazia akakutana na Mjerumani anapiga mswaki. Mwambie mapema, atacheka. Usipomwambia, atakupigia simu. Mkate kule ndio chakula chenyewe. Na maji ya mto yana tabia zake. Mwisho wa kiangazi yanaweza kupungua mpaka meli ikashindwa kupita, na hapo kampuni huwapakia abiria kwenye mabasi. Hilo nalo mwambie, hata kama atakuona mchawi.

Mke wangu Benta alifariki wakati kazi hii ya mto ndiyo kwanza inashika. Aliugua muda mfupi. Sina mengi ya kusema hapo, ila kwamba wateja walikuja matangani na wengine wakaniuliza, kwa sauti ya chini, kama viza zao zimetoka. Sikukasirika. Nilifurahi kuulizwa kitu ninachokijua.

Tulibaki wawili, mimi na binti yetu Lavenda. Alisoma unesi, akajifunza Kijerumani jioni kwa miaka, akirudiarudia maneno jikoni mpaka mimi nikajua kuomba chumvi kwa lugha hiyo. Kisha hospitali moja ya kule ikamchukua. Nilipouliza ni mji gani, akasema, "Koblenz, Baba. Unaujua?"

Nilicheka. Niliujua Koblenz kuliko Kakamega. Niliujua ukingo ambapo meli hufungwa, pale mto Mosel unapoingia Rhine, na ngome iliyo ng'ambo juu ya kilima. Nilikuwa nimewapeleka huko madaktari, walimu wakuu, wachungaji, na mfanyabiashara mmoja aliyeniambia mji ule umepoa mno, hauna hata matatizo ya maji.

Nyumba ya Kaloleni ni ndogo, lakini alipoondoka ikawa kubwa. Nilianza kukaa ofisini baada ya saa za kazi. Mji wa Koblenz una kamera moja inayoonyesha ukingo wa mto, ya watalii, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye kompyuta. Picha yake haiendi kama sinema. Inakaa, halafu inaruka, mtu aliyekuwa kushoto unamkuta kulia. Lavenda akapanga kwamba siku ambazo zamu yake inamruhusu apite pale mchana, asimame kwenye uzio wa ukingo na kunipungia. Kwenye kioo alikuwa mdogo kama omena, dagaa wa ziwa letu. Nilimjua kwa koti lake la njano. Nilimpungia pia, peke yangu pale mezani, mpaka siku moja mteja akadhani ninamwita.

Nyinyi mliwahi kuniuliza mbona sikwenda. Niliomba. Nilipanga faili yangu kama ninavyowapangia wengine: bima, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko ya binti yangu. Nikaenda Nairobi, nikatoa alama za vidole, nikarudi. Nilipokwenda tena kuichukua pasipoti, ilikuwa na karatasi yenye sababu nyingi zilizochapwa, na moja imewekewa alama: hakuna uhakika wa kutosha kwamba mwombaji atarudi kwao. Msichana wa kwenye kaunta alikuwa na adabu. Alinieleza kwa upole.

"Baba, wanaangalia kama kuna watu wanakungoja hapa. Mke, watoto. Una nani?"

"Nina kazi," nikasema.

"Na nyumbani?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, nikaikunja ile karatasi nikatoka. Kwenye basi la kurudi nilijisomea ile faili kama ya mtu mwingine. Mjane, mtoto mmoja, mtoto yuko hukohuko anakokwenda, nyumba ya kupanga. Angekuja ofisini kwangu, ningemwambia ukweli kwamba ni nyepesi. Nilikuwa nimewaambia watu wengi maneno hayo kwa miaka mingi na sikuwahi kujua yanavyoingia.

Lavenda akaolewa na kijana wa Busia anayefanya kazi hospitali ileile, wakapata mtoto wa kike. Wakamwita Benta. Niliomba tena viza, na jibu likawa lilelile, alama mahali palepale. Kwa simu nilimwona mtoto akilala, akilia, akinyonya. Lavenda aliniambia, "Baba, hapa watoto wanasukumwa kwenye kigari. Nikimfunga mgongoni na shuka, inateleza." Nikakumbuka kwamba leso ambayo mama yake Lavenda alimbebea yeye utotoni bado ilikuwa kwenye sanduku, ile ya rangi ya machungwa, imefifia mpaka ikawa laini kama ngozi. Kuituma kwa posta sikuthubutu. Nilitaka iende kwa mkono wa mtu.

Mtu huyo akawa Mama Dorka. Baadhi yenu mnamkumbuka. Aliuza samaki Otonglo mpaka magoti yakamshinda, kisha akahamia kwao karibu na Sondu na mumewe, Mzee Nashon, karani mstaafu wa bandari, mtu wa maneno machache. Watoto wao walio Marekani walitaka wazee wapande meli ya mtoni. Walikuja ofisini wakiwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Niliwatazama wakipanda ngazi. Mzee alikuwa sawa. Mama alishika ukuta, akapumzika katikati, akasingizia anatazama duka la rangi. Nikawapa chumba cha karibu na lifti.

Nilipowaeleza mto, Mama Dorka aliuliza maswali ya wote wawili: kama kuna ugali, kama kuna ibada ya Jumapili, kama mtu anaweza kufua nguo zake mwenyewe. Mzee Nashon aliuliza moja.

"Mto huo una gugu maji?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hakuna sababu ya meli kukwama."

Nikamweleza habari ya maji kupungua. Alinitazama kama anayemsikiliza mtoto.

Kazi ngumu ilikuwa Nairobi. Mama Dorka alinipigia simu akiwa kwenye ofisi ya viza, sauti yake ikisikika bila shaka mpaka barabarani. "Baba Lavenda! Mashine inasema sina vidole!"

Maisha yote ya kisu na magamba yalikuwa yamezifuta alama zake. Nilishaliona hilo kwa mchuma chai mmoja. Nikamwambia aende chooni, anawe kwa maji ya moto, ajipake mafuta, asubiri kidogo, aombe kidole gumba kwanza. Mashine ilikubali baada ya kubembelezwa. Alipotoka alisema, "Vidole hivi vimesomesha watoto wote, leo ndiyo vinaambiwa haviko."

Siku walipokuja kuchukua tiketi, niliitoa leso kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi. Nikawaambia ni ya nani, na kwamba binti yangu atakuja ukingoni Koblenz na mtoto, meli itakapofungwa. Mama Dorka aliifunua, akaikunja tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi. Aliiweka ndani ya mkoba wake wa mkononi, pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku.

Walifika salama. Kila siku nilipata ujumbe: Strasbourg kuna kanisa lenye saa inayocheza, chakula ni kizuri lakini hakina chumvi, Mzee amekataa kushuka, anatazama mabaharia. Asubuhi ya siku ya Koblenz nilifika ofisini mapema, nikafungua kamera, nikaiacha wazi pembeni ya kazi nyingine. Lavenda alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo angekuja ukingoni mapema na kuondoka mapema.

Simu ikalia. Ilikuwa Mama Dorka, na alikuwa bado Mainz.

"Baba Lavenda, wanasema maji yameisha."

"Mto mzima?"

"Mto uko, lakini wanasema umekonda. Meli haiendi mbele. Wanatupakia kwenye basi, tunapelekwa moja kwa moja Cologne, kuna meli nyingine kule."

"Basi halisimami Koblenz?"

"Nimemwuliza huyu kijana wao. Anasema basi linafuata barabara kuu, Koblenz haimo."

Nilitazama kioo. Pale kwenye uzio kulikuwa na koti la njano, na mbele yake kigari cha mtoto. Alikuwa ameshafika. Picha ikaruka, sasa alikuwa ameketi kwenye benchi, ameinama juu ya kigari.

Nikamwambia Mama Dorka, "Sawa. Nendeni na basi, Mama. Mkifika salama inatosha. Leso mtairudisha."

Kisha nikamsikia akiongea na mtu mwingine, kwa Kiingereza cha sokoni, kile ambacho hakiombi. Alimwambia yule kijana wa meli kwamba ana mzigo wa mtoto. Kijana akadhani mtoto amepotea. Ikawa kelele. Mwishowe Mzee Nashon, ambaye sikuwahi kumsikia kwenye simu, akachukua simu.

"Bwana Tobias, kuna treni?"

"Iko, Mzee. Inafuata mto mpaka Koblenz, halafu mnaweza kuendelea nayo hadi Cologne. Lakini magoti ya Mama..."

"Magoti ni yake. Ameshavaa viatu. Sema."

Masanduku yao yakaenda na basi. Wao wawili wakachukua teksi hadi kituo cha treni, na mimi nikabaki kwenye simu nikiwa Kisumu, nimekaa mbele ya ramani ya Bi. Zarina.

"Mmeona ubao mkubwa wenye majina? Tafuteni Koblenz."

"Ni K ama C?" Mama akauliza.

"K."

"Iko. Inasema inaondoka sasa hivi, halafu kuna ngazi."

"Tafuta lifti, Mama. Kila kituo kikubwa kina lifti. Muulize mtu yeyote mwenye sare."

"Nimemwuliza. Amenishika mkono."

"Mkiingia, kaeni upande wa kulia. Huo ndio wa mto."

Wakakaa upande wa kulia. Nikampigia Lavenda, nikamwambia asiondoke ukingoni. Akaniuliza kama nina hakika, maana zamu yake inamngoja. Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimewapeleka watu mtoni kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kumshika mzee mkono kwa simu.

Njiani Mama Dorka alinisimulia bonde zima. Mizabibu imepandwa mlimani mpaka mahali ambapo mbuzi angekataa. Nyumba za wafalme ziko juu ya miamba, nyingine zimevunjika na hakuna anayezijenga. Kisha akapaza sauti: kuna ngome katikati ya mto, na maji yamepungua hivi kwamba watu wanaiendea kwa miguu, wamebeba watoto mabegani. "Baba Lavenda, unaiona?" akauliza. Nikasema naiona. Niliweka kidole mahali pake kwenye ramani.

Kisha mtandao ukakatika.

Sikuwa na la kufanya ila kutazama kamera. Koti la njano lilisimama, likaketi, likasimama. Watu wengine walipita, na baiskeli, na mbwa. Sharleen, wewe ulikuja wakati huo na swali la bima. Ulinitazama, ukatazama kompyuta, ukarudi kwako bila kuuliza. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, nakushukuru sasa.

Picha ikaruka na wakawa wanne. Sikuwaona wakifika. Kulikuwa na kofia nyeupe ya Mama Dorka, mrefu mweusi ambaye ni Mzee, na koti la njano katikati yao. Picha ikaruka: kofia na koti wamekumbatiana. Ikaruka tena: leso. Hata kwenye kioo kile kibovu, rangi ya machungwa ilionekana. Mama Dorka alikuwa nyuma ya Lavenda, anamfunga mtoto mgongoni, anavuta, anakaza, anapigapiga matako ya mtoto kama mtu anayekagua mzigo. Ikaruka tena, na mikono ya Mama Dorka ilikuwa juu. Alikuwa anacheza. Yule aliyepumzika katikati ya ngazi zetu alikuwa anacheza kwenye mawe ya Koblenz, na Mzee Nashon ameshika mkoba wake. Hakuna sauti kwenye kamera ile. Niliona vinywa vimefunguka tu, sikujua ni wimbo gani.

Nikasimama. Nikapunga mkono. Hakuna aliyegeuka, nadhani katika furaha ile Lavenda alisahau kamera ilipo. Kisha picha ikaruka, na benchi likawa tupu.

Walikuwa wamekwenda kunywa chai kabla ya zamu yake. Nilijua hivyo baadaye. Nilikaa nikingoja simu mpaka mlipofunga madirisha, na simu haikulia. Walisahau kunipigia. Siwalaumu, mtu aliyefika hana sababu ya kuwakumbuka wenye ramani. Usiku ule nililala vizuri, halafu nikaamka nikiwa na huzuni ambayo sikujua chanzo chake.

Waliporudi Kisumu walikuja moja kwa moja ofisini. Mama Dorka aliketi akavua viatu bila kuomba ruhusa. "Mtoto ana paji lako," alisema. "Analia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa viza." Akaniambia mtoto ni mzito kiasi gani, nywele zake zinavyonukia, kwamba alilala mgongoni kabla hawajamaliza kufunga fundo. Nilimwuliza tena na tena kuhusu uzito, mpaka Mzee Nashon akanyanyuka, akachukua jagi la maji lililokuwa mezani, akalipima, akamimina kidogo kwenye kikombe, akanikabidhi lile jagi mikononi.

"Hivyo," akasema.

Nililishika. Kisha mteja mwingine akaingia.

Miaka ikaenda. Niliendelea kuwapitisha watu Koblenz, na wengine walibeba vitu na wengine walibeba salamu. Mzee Nashon alitutoka. Nilikwenda Sondu kumzika, na Mama Dorka akanikalisha na familia. Viza sikuomba tena. Mtu akikataliwa mara mbili kwa sababu hiyohiyo, wakala mwaminifu humwambia angoje kitu kibadilike, na kwangu kilichokuwa kinakuja kubadilika kilikuwa kustaafu tu, ambako hakunenepeshi faili.

Basi mlinikatia keki, nikaenda nyumbani. Muda si mrefu Lavenda akapata likizo, akaja na mtoto. Benta sasa anakimbia na kuongea, Kijerumani kingi na Dholuo kidogo. Ananiita Kwara, babu. Siku za mwanzo alinizunguka kwa mbali kama paka mgeni. Nilimpeleka Dunga, ufukweni mwa ziwa, akala samaki kwa mikono, nikamwonyesha viboko, akawaogopa, akanishika kidole na hakukiachilia mpaka nyumbani. Nilimwomba chumvi kwa Kijerumani, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila mlo ilinibidi niombe chumvi. Nyumba ilijaa viatu vidogo. Nililala nikisikia watu wawili wakipumua chumba cha pili, nikajilazimisha nisilale haraka.

Likizo ni likizo. Niliwapeleka uwanja wa ndege asubuhi. Nilikagua pasipoti zao, herufi kwa herufi, Lavenda akiniachia. Kabla ya mlango, mtoto akasimama, akamvuta mama yake, akauliza jambo refu huku akinitazama.

"Anasemaje?"

Lavenda alimshika mtoto mkono. "Anauliza kwa nini Kwara haji nasi."

"Mwambie Kwara ana kazi nyingi ofisini."

Alinitazama. Alijua, kwa maana picha za keki nilimtumia mwenyewe. Akachuchumaa akatafsiri vilevile. Mtoto aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayejua kazi ni nini, akanipa mkono kama mkubwa. Wakaingia. Kupitia kioo niliona kichwa chake mpaka foleni ikakifunika.

Nikabaki nimesimama pale wanaposimama wasindikizaji. Askari wa mlangoni, ambaye tumezeeka naye pale, akanisogelea akitabasamu.

"Bwana Tobias! Siku nyingi. Leo umeleta wateja wangapi?"

"Wawili," nikasema.

"Wanakwenda mbali?"

"Koblenz," nikasema. "Pazuri sana."